Mashua Iliyopita Nchi Kavu

1. Nchi isiyo na bahari

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, mbali na bahari. Mtu akitoka Singida kwenda Bagamoyo hushika njia ya mashariki, na akitaka kuliona ziwa Victoria hushika njia ya kaskazini. Pande zote mbili mwendo ni mrefu. Katika nchi yenyewe yapo maziwa madogo yenye maji ya magadi, kama Singidani na Kindai. Yapo pia mawe makubwa ya itale yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mikono, na vichaka vya miiba vinavyojaa majani wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi.

Walakini katika mwezi wa Januari, mwaka 1875, mashua ilipita katika nchi hii. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani mita 12 hivi, na upana wake futi 6. Haikupita majini, kwa maana hapakuwa na mto wa kuichukua. Ilipita juu ya mabega ya watu. Somo hili laeleza jinsi mashua hiyo ilivyotoka katika pwani moja ikafika katika pwani nyingine, na gharama iliyolipwa njiani.

2. Sababu ya safari

Miaka ile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakishindana juu ya chanzo cha mto Nile. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza mwaka 1858, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Mwaka 1862 alirudi kwa njia ya magharibi, akaona maji ya ziwa yakitoka kwa kishindo upande wa kaskazini na kuwa mto. Akasema, “Hiki ndicho chanzo cha Nile.” Lakini hakulizunguka ziwa lote. Wengine, na mmoja wao ni Richard Burton aliyesafiri pamoja naye, hawakukubali. Walisema ya kuwa huenda si ziwa moja, bali ni maziwa kadhaa.

Bila shaka Wasukuma, Wakerewe, Waganda na watu wengine waliokaa kando ya ziwa walizijua sana pwani zao. Walivua samaki na kufanya biashara kwa mitumbwi tangu zamani. Lakini kila watu walijua sehemu yao, na hapakuwa na ramani iliyoonyesha pwani yote pamoja.

Ndipo magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, yalipompa fedha Henry Morton Stanley alimalize shauri hilo. Stanley alikuwa mwandishi wa habari. Alikuwa ameijua njia ya bara tangu mwaka 1871, alipokwenda Ujiji kumtafuta Dakta Livingstone. Sasa aliona ya kuwa mtu atakaye kuzunguka ziwa lazima awe na chombo chake mwenyewe. Basi akaagiza mashua iundwe Uingereza, tena iwe ya vipande vitano vinavyofunguliwa na kuunganishwa, ili wapagazi waweze kuichukua. Mashua hiyo iliitwa Lady Alice. Ilipofika Unguja vipande vilionekana kuwa vizito na vipana mno kwa njia nyembamba za bara, ikawa lazima fundi avipunguze.

3. Msafara waondoka Bagamoyo

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo. Watu wote walikuwa 356. Wengi wao walikuwa Wangwana, yaani waungwana wa Unguja na mrima, na Wanyamwezi waliozoea kazi ya upagazi. Mkuu wao alikuwa Manwa Sera, mtu aliyekwisha safiri bara mara nyingi. Wazungu walikuwa wanne tu: Stanley mwenyewe, ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na kijana mmoja jina lake Frederick Barker.

Mbele walitangulia wakubwa wanne, kisha wakafuata viongozi 12 waliovaa majoho mekundu. Nyuma yao ulikuja mstari mrefu wa watu 270 waliochukua nguo, shanga, masango ya nyaya na vipande vya mashua. Kisha wanawake 36 na watoto 10, ambao walichukua vyungu na vyombo vidogo. Wengi wa wanawake hao walikuwa wake za wakubwa na wa wachukuzi wa mashua, kwa kuwa wachukuzi hao walipewa ruhusa ya kwenda na wake zao. Kazi yao ilikuwa nzito kuliko zote. Mwisho walikuja walinzi wa nyuma. Mstari huo wote ulikuwa na urefu wa karibu nusu maili.

Kwa nini walichukua nguo na shanga nyingi namna ile? Ni kwa sababu wakati ule fedha haikutumika bara. Nguo, shanga na nyaya ndizo zilizokuwa fedha ya safari. Kwa vitu hivyo msafara ulinunua mtama, maharagwe na mbuzi, na kwa vitu hivyo ulilipa hongo kwa watemi wa nchi, hasa Ugogo. Mzigo wa mpagazi mmoja huwa ratli 60 hivi, yaani kilo 27, naye huuchukua kutwa, juani na mvuani, pamoja na mkeka wake, chungu chake na bunduki yake.

4. Njia ya kaskazini

Tarehe 12 Desemba walifika Mpwapwa. Kisha wakaingia Ugogo wakati wa mvua kubwa, na chakula kilikuwa haba. Misafara mingine ikitoka Ugogo ilikwenda moja kwa moja magharibi, ikavuka pori la Mgunda Mkali mpaka Unyanyembe, mahali penye mji wa Tabora. Pori hilo lilikuwa na sifa mbaya kwa uhaba wa maji, lakini angalau njia yake ilijulikana. Kila mwaka wapagazi kwa maelfu walipita huko na pembe za ndovu, wakajua visima viko wapi na kambi ziko wapi.

Stanley hakutaka kwenda Unyanyembe. Alitaka kufika ziwani upesi. Basi mwanzo wa Januari 1875 akaiacha njia kuu, akageuka kuelekea kaskazini, kwenye nchi ambayo misafara haikuizoea. Akaajiri viongozi wenyeji wamwonyeshe njia.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Viongozi wale walitoroka usiku, na asubuhi msafara ukabaki peke yake katikati ya pori. Njia ya watu haikuonekana tena. Zilikuwapo njia za ndovu na vifaru tu, nazo zilipishana huku na huku kama nyuzi zilizochanganyikana. Kichaka kilikuwa kizito hata watu wakalazimika kuinama na kutambaa, na wachukuzi wa mashua wakalazimika kukata matawi kila hatua ili vipande vipate kupita. Siku za kutembea zikazidi, na chakula kikaisha. Watu kadhaa walipotea kichakani, wakafa kwa njaa na uchovu.

Walipofika mahali palipoitwa Uveriveri hawakuwa na kitu. Wale waliokuwa na nguvu wakatumwa kwenda Suna, kijiji cha Wanyaturu, kununua nafaka. Waliobaki walikuwa zaidi ya 200. Wawindaji wakaenda kutafuta nyama, wasipate ila watoto wawili wa simba, nao wakapikwa. Basi Stanley akatoa ratli 10 za unga wa shayiri, na unga mwingine kidogo wa dawa uliowekwa akiba kwa wagonjwa. Chungu cha kutosha watu wote hakikuwapo. Wakachukua sanduku la chuma la kuwekea nguo, wakalijaza maji, wakaliweka juu ya moto, wakapika uji humo. Kila mtu akapewa vikombe viwili vya uji mwepesi.

Fikirini: ratli 10 za unga ni kama kilo nne na nusu. Mama wa nyumba aweza kuzimaliza kwa siku chache kwa kuwalisha watoto wake. Lakini unga ule uligawiwa watu zaidi ya 200, kila mmoja kwa kipimo kimoja, nao ukawatunza hata waliotumwa Suna waliporudi na nafaka. Siku ile uhai wa msafara haukutegemea bunduki wala nguo. Ulitegemea ugawaji wa haki, na miguu ya wale waliokubali kwenda mbele nao wenyewe wana njaa.

5. Katika nchi ya Wanyaturu

Wanyaturu ni wakulima na wafugaji. Stanley aliwaita Warimi. Walilima uwele na mtama, wakafuga ng’ombe wengi, wakakaa katika nyumba za tembe zenye dari ya udongo. Huko Suna msafara ulipata chakula, lakini wagonjwa walikuwa wengi. Edward Pocock alishikwa na homa kali. Alichukuliwa kwa machela, na tarehe 17 Januari 1875, walipofika mahali Stanley alipopaita Chiwyu, akafa. Alizikwa chini ya mgunga, na msalaba ukachongwa katika gogo la mti huo. Alikuwa amekuja Afrika kwa ajili ya ujuzi wake wa mashua, naye hakuliona ziwa.

Mpagazi mmoja, Kaif Halleck, alikuwa mgonjwa naye, akabaki nyuma ya wenzake njiani. Mtu huyu ndiye aliyechukua barua za Livingstone miaka michache kabla ya hapo. Wenzake walirudi kumtafuta, wakamkuta ameuawa.

Kisha msafara ukapiga kambi Vinyata. Hapo mwanzo wenyeji walikuja kwa amani, wakauza maziwa na nafaka. Baadaye wakaja na malalamiko ya kuwa mtu mmoja wa msafara ameiba maziwa. Stanley akalipa nguo, ikaonekana kama shauri limekwisha. Lakini halikwisha. Watu waliotoka kambini kutafuta kuni walishambuliwa, na mmoja akauawa. Vita vikaanza, vikaendelea kwa siku tatu. Stanley akawatuma watu wake kwa vikosi. Kikosi kimoja kikaenda mbali mno, kikazungukwa, karibu wote wakafa. Msafara ulipoteza watu zaidi ya 20. Kwa upande wao, Wanyaturu waliuawa kwa risasi, vijiji vyao vikachomwa moto, na nafaka yao ikatwaliwa. Asubuhi ya tarehe 26 Januari msafara ukaondoka, ukaelekea Iramba.

Habari za vita hivyo zajulikana zaidi kwa kitabu alichoandika Stanley mwenyewe. Wanyaturu hawakuandika kitabu. Basi mwenye kusoma yapasa apime mambo kwa haki. Wageni wengi wenye bunduki, wenye njaa, waliingia ghafula katika nchi ambayo haikuzoea misafara, wakati ambapo misafara mingine ilikuwa ya watu wenye kukamata watumwa. Mwenyeji aliyewaona wakija angejuaje ya kuwa hawa hawakuja kwa shari? Na mpagazi aliyetoka Unguja kwa ujira wake angejuaje desturi za watu ambao hakuifahamu lugha yao? Neno la maziwa ni dogo; penye kuaminiana lingekwisha kwa mazungumzo. Pasipo kuaminiana lilimwaga damu pande zote mbili.

6. Kosa la ramani

Akiwa katika nchi hii Stanley aliona vijito vidogo vikianza kutiririka kuelekea kaskazini. Akafurahi, akadhani ya kuwa maji yale huingia katika mto Simiyu, kisha katika ziwa Victoria, na kwa hiyo ameona vyanzo vya mbali vya Nile. Sasa yajulikana ya kuwa sivyo. Maji mengi ya nchi ya Singida huteremka katika bonde la Wembere, yakaingia ziwa Kitangiri. Na yakizidi hushika mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi. Ziwa Eyasi halina mlango wa kutokea. Maji yake hukaushwa na jua, na chumvi hubaki. Simiyu nao hutoka upande wa Serengeti.

Kosa hili si la kuchekwa. Msafiri aliona mwanzo wa vijito tu, mwisho wake hakuufuata. Watu waliokaa kando ya Wembere walijua maji yao yanakwenda wapi.

7. Pwani ya pili

Baada ya Iramba msafara uliingia Usukuma, nchi yenye ng’ombe na nafaka tele. Tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kagehyi, kijiji cha kando ya ziwa, karibu na Mwanza. Walikuwa wametembea maili 720 kwa siku 103. Vipande vya Lady Alice vikawekwa chini mara ya mwisho, vikaunganishwa, na mashua ikashushwa majini.

Tarehe 8 Machi Stanley alisafiri na mabaharia 11. Nahodha wao alikuwa Safeni, mtu wa Unguja. Walifuata pwani ya mashariki, wakapita Ukerewe, wakaenda kaskazini mpaka mahali maji yanapotoka na kuwa Nile, kisha wakafika Buganda. Hapo Kabaka Mutesa aliwapokea kwa heshima mwezi wa Aprili. Wakarudi kwa pwani ya magharibi. Katika kisiwa cha Bumbire wenyeji waliwashika na kuwanyang’anya makasia. Waliponyoka, wakapiga maji kwa mbao walizong’oa katika mashua, na watu wa kisiwa waliowafuata wakapigwa risasi. Miezi michache baadaye Stanley alirudi Bumbire kulipiza kisasi, akaua watu wengi. Na jambo hilo lililaumiwa hata huko Uingereza.

Mwanzo wa Mei walikuwa Kagehyi tena, baada ya karibu miezi miwili. Frederick Barker alikuwa amekwisha kufa. Lakini shauri la wataalamu lilikatika: ziwa Victoria ni ziwa moja, nalo lina mlango mmoja wa kutoa maji, kama alivyosema Speke. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, na hapana ziwa kubwa kuliko hilo katika Afrika.

8. Mwisho wa Lady Alice

Wapagazi hawakurudi nyumbani kutoka hapo. Mashua ilifunguliwa tena, ikachukuliwa mpaka ziwa Tanganyika, ikalizunguka nalo, kisha ikachukuliwa mpaka mto Kongo. Huko Frank Pocock alikufa maji mwezi wa Juni 1877. Mwisho wa Julai, kwa kuwa maporomoko yalikuwa mengi na watu hawakuwa na nguvu tena, Lady Alice iliachwa juu ya mwamba kando ya mto. Mwezi wa Agosti 1877 watu 115 hivi walifika Boma, karibu na bahari ya magharibi. Novemba wakarudishwa Unguja kwa meli, wakalakiwa na jamaa zao.

Siku hizi reli ya kutoka Dar es Salaam hupita Manyoni kwenda Tabora na Kigoma. Ilimalizika mwaka 1914. Barabara ya lami hutoka Manyoni mpaka Singida, na gari hupita kwa saa chache mahali ambapo watu wale walitambaa kwa siku nyingi. Katika ramani za ziwa huandikwa majina ya wafalme na wasafiri wa Ulaya. Jina la mchukuzi wa mashua halikuandikwa humo, na wengi wao walizikwa njiani bila alama. Lakini ni wazi ya kuwa pasipo mabega yao mashua ile isingetoka Bagamoyo hata hatua moja, na mstari wa pwani ulio katika ramani usingechorwa mwaka ule.

Mtu asomaye ramani na akumbuke ya kuwa kila mstari ulichorwa kwa kazi ya watu wengi. Na kwamba jambo lenye faida laweza kuchanganyika na udhulumu. Mwenye elimu hujifunza kuyatambua yote mawili.

Maswali

1. Kwa nini Stanley alitaka mashua ya vipande? Kwa nini vipande vilipunguzwa Unguja?
2. Taja vitu vitatu vilivyotumika badala ya fedha katika safari za bara.
3. Eleza jinsi zaidi ya watu 200 walivyolishwa huko Uveriveri.
4. Vita vya Vinyata vilianzaje? Andika maneno machache kana kwamba wewe ni mzee wa Kinyaturu, kisha maneno machache kana kwamba wewe ni mpagazi wa msafara.
5. Chora ramani ya maji ya Singida: Wembere, Kitangiri, Sibiti, Eyasi. Maji haya huishia wapi?
6. Msafara ulitembea maili 720 kwa siku 103. Kwa wastani ni maili ngapi kwa siku moja?